Ncha ya Bastola Niliyoigonga

Mdogo wangu Mhina,

Marahaba. Najua ungeniamkia kwanza, hata ukiwa umenuna.

Mimi kaka yako nimeshapita miaka sabini. Nzige walimaliza mashamba, nikabaki. Funza walikula vidole vya watu, nikabaki na vyangu kumi. Wake wawili nimezika. Sikujua nitabaki mpaka nikuzike na wewe, uliyezaliwa mimi nikiwa naota ndevu.

Handeni yote mpaka Korogwe hakuna gobore bovu lililonishinda kulitengeneza, hilo unalijua. Ndiyo maana yule Mdachi wa shamba la mkonge ulilokuwa ukililinda aliniita kwa ile bastola yake inayojipakia yenyewe. Ilikuwa inapiga kushoto. Analenga kibuyu, anapata udongo.

Wewe ukaiegemeza juu ya gunia la mchanga, ukapiga tatu. Zote katikati ya kibuyu. Ukanivuta pembeni.

"Kaka, bastola nzima. Mbovu ni mkono wa Bwana. Anaikamua kama limau, na macho anafumba kabla haijalia. Mwambie avute bila risasi, utaona mdomo unavyokwenda kushoto."

"Mimi nikamwambie Mdachi mkono wake mbovu? Nenda wewe, kama una mgongo wa akiba!"

Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika, kwa kuwa ulisema kweli. Ulipoondoka nikachukua nyundo, nikaigonga ile ncha ya mbele ya kulengea, kidogo tu, risasi ziende kulia. Bwana akapiga, kibuyu kikapasuka. Akanishika bega mbele za watu. Bega hilo nilitembea nalo wiki nzima.

Kisha chui akaanza kumaliza mbuzi wetu kijijini Misima, Bwana akakuazima bastola uje nayo nyumbani. Tulikuwa tunakaa kula, mkeo Mwanaidi anatunawisha. Ukaigeuza geuza.

"Kaka, ncha hii uliigusa?"

"Sijagusa. Si ulisema nzima?"

Ningesema nimeigusa, ungelenga ukijua. Lakini hapo fundi ungekuwa wewe.

Mkono wako haukukosea, Mhina. Kule zizini ulimlenga chui pale pale pa kumwulia. Zote mbili zikapita kulia. Chui hakungoja ya tatu, akakurukia.

Siku hizi watu wakileta magobore nawaambia macho yangu yamekwisha. Uongo, naona mpaka sisimizi. Ni nyundo ndiyo siwezi kuishika. Juzi nilikaa kaburini kwako nikasema nimeigusa, nimeigusa, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka. Ulikuwa umeniuliza mara moja tu.

Kwaheri, mdogo wangu. Usiponisamehe, safari hii sitabisha.

Mimi kaka yako wa tumbo moja.

Atakayesema natunga, risasi mbili zimo kwenye mkuyu wa zizini, kulia kwa pale alipokuwa chui. Na amwulize Mwanaidi. Alinisikia nikikujibu. Aliamini, na mpaka leo ananipikia.