Jioni Tuliyoikosa Zohali

Mjomba wangu mpendwa,

Tangu tukuzike pale Mtua, watu huniuliza umeniachia nini. Nawaambia: darubini. Wanacheka, wakidhani natania.

Jicho lako la kushoto lilishazimika kwa presha ya macho, na daktari akakueleza wazi kwamba la kulia nalo halina muda. Ulirudi, ukakaa mkekani, ukaniambia, "Nimefundisha watoto habari za pete za Zohali maisha yangu yote bila kuziona. Nataka nizione kabla giza halijanifikia." Siku zile sayari hiyo ilikuwa chini magharibi, karibu itoweke kwenye anga la jioni kwa miezi. Ukachagua kile kilima cha Ruangwa ulikoanzia ualimu, kwa kuwa upande ule uko wazi.

Tulipanda bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekumbatia darubini iliyofungwa kitenge. Njiani tairi likapasuka. Tukatembea, mkono wako begani kwangu, jua likatua ndiyo kwanza tunafika. Kabla sijailenga sayari, kundi la wanaume likatuzunguka.

"Mnapima nini hapa?" akauliza mmoja, panga mkononi.

"Hatupimi, kaka. Tunaangalia nyota."

"Hata wale wa madini walikuja na vyombo hivihivi. Wakapima, kisha tukaambiwa tuhame. Mikorosho ya baba zetu imekwenda."

Wakatupeleka ofisi ya kijiji. Mtendaji hayupo, simu yake haipatikani. Nilimsihi yule mwenye panga akuache uchungulie mara moja tu, nikamweleza habari ya jicho lako. Alikutazama usoni kitambo, akageuka. Mtendaji alipokuja kutuachia, mawingu yalikuwa yamefunga magharibi yote.

Nililia. Wewe ukasema, "Usiwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Mvua zikaanza. Zohali iliporudi jioni, safari hii upande wa mashariki, jicho lako la kulia nalo lilikuwa limeshazimika. Niliilenga pale uani, nikapiga kelele.

"Pete zipo?" ukauliza.

"Zipo, Mjomba!"

"Zimekaaje?"

Nikahangaika kutafuta maneno. "Nyembamba. Kama sindano iliyochomwa kwenye ushanga."

Ulitabasamu, uso umeuelekeza jikoni, kusikokuwa na kitu. Sikuwa na moyo wa kukugeuza.

Wewe uliwasamehe palepale. Mimi nimeshindwa, na kuwachukia pia nimeshindwa. Nikipita sokoni Nachingwea, nikiona mkulima ameketi juu ya gunia lake la korosho, najiuliza kama ni mmoja wao, na kama alishapata pengine pa kulima. Hasira yangu haina pa kutua, Mjomba. Laiti ungekuwepo ningekuuliza mtu huiweka wapi.

Mungu alijaze kaburi lako nuru, maana huku ulinyimwa.

Mimi mpwa wako,
mtoto wa dada yako