Maji ya Kichupa cha Baba

Jumatatu, 24 Machi 2025
Mashine ya oksijeni ya baba imefika, masista wametuazima. Inanguruma sebuleni kama ya kusaga. Nesi Agnella kaja kuifunga. Pembeni kachomeka kichupa cha maji, eti cha "kuhyumidifai". Ndiyo nini? Hewa ya mashine ni kavu, kasema, inakausha pua mpaka damu, kwa hiyo inapitishwa kwenye maji kwanza. Yaliyochemshwa tu! Kanikazia macho.
Kuitia hewa maji — Ifakara hii! Masika haya, nguo hazikauki, godoro linanuka ukungu. Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nimelia.

Jumatano, 26 Machi
Baba kalidaka lile neno. Katekista mstaafu, alisoma seminari, Kilatini hakijamtoka. Anasema maneno mawili, anapumzika, mawili tena. Ni umere, kuwa na majimaji. Na facere, kufanya. Baadaye watu wakadhani linatokana na humus, udongo, wakaliongezea h.
Walikosea? nikamwuliza.
Walikosea. Lakini mimi ndiko niendako.
Baba! Nikamwambia anyamaze, anywe uji. Hakunywa.

Jumamosi, 29 Machi
Nesi kanivuta uani. Mapafu hayarudi, mashine inamsogezea siku tu. Nilijua.
Shangazi Yosefina, dada yake baba, kaja toka Lupiro kwa bodaboda, kidumu mapajani. Shikamoo yangu hajaitikia vizuri, kashaanza rozari.

Jumapili, 30 Machi
Narudi misa ya kwanza, kichupa kimejaa pomoni. Nani kajaza? Shangazi, tena kwa furaha: maji ya baraka! Ya Pasaka iliyopita, na chumvi yake humo humo. Mwaka mzima kidumu kimekaa chini ya kitanda! Jamani! Nikamfokea, shangazi yangu mzima, mbele ya mgonjwa. Akalia. Kaka yangu nimfanyie nini kingine, kasema.
Nikaenda kukifungua kichupa. Baba kanishika mkono. Vidole vyepesi, hata kijiko vimeshindwa.
Acha, Mina.
Nesi kakataza, baba.
Nesi kakwambia nitapona?
Shangazi kaacha kulia, ananitazama mimi. Wote wananitazama mimi! Kichupa kinatokota mapovu.
Naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Wa pili baba bado kaushika. Maji niliyochemsha yameshapoa jikoni.