Lenzi Niliyosema Imeota Kuvu

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umepunguza ubishi. Mama naye hajambo? Mimi huku sijambo, ila mikono inanuka sabuni tu: siku sita nakunja mashuka ya hoteli, ya saba napiga picha.

Nimepata kamera, Baba! Ya kisasa, imetumika kidogo, lakini imekuja bila lenzi, na lenzi mpya bei yake ni ya kukimbiwa. Basi nimegundua siri. Lenzi za zamani, zile za kuzungusha kwa mkono, wauza mitumba wanazitoa kwa bei ya kutupa, maana watu wanadhani hazina kazi tena. Unatafuta pete ya chuma ya kuunganishia: upande mmoja unashika lenzi, wa pili unashika kamera, mambo yanakwenda. Ninazo mbili. Moja imelegea, inacheza kama jino la mtoto. Nyingine nzima, ila ni ya vitu vya mbali. Ya kupigia sura za watu sina.

Ile yako ya studio je, uliyokuwa ukipigia maharusi? Niazime mwezi mmoja tu niijaribu.

Wako,
Kitinda mimba

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado mbishi, nimeamua kuukubalia yaishe. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nimecheka peke yangu kwa hiyo pete yako. Lenzi nimempa jirani anayesafiri kuja huko, nimeifunga ndani ya soksi ya sufu. Usiifute kwa nguo uliyovaa. Puliza vumbi kwanza. Na ukipiga sura ya mtu, zungusha mpaka jicho lililo karibu nawe likae sawasawa. Pua itajitunza yenyewe.

Ila sikiliza: nimekuazima, sijakupa. Studio nimefunga, sawa, lakini Jumamosi wazee wenzangu bado wanagonga mlango, wanataka picha ya kuwaachia wajukuu. Nisipokuwa nayo nitawaambia nini? Mwezi mmoja.

Baba yako

10 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako, na ya Mama? Mimi nasukuma siku.

Nasikitika kukuandikia haya. Lenzi ilifika na kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama za buibui. Nilimpelekea fundi, akaimulika tochi, akatikisa kichwa: "Dada, hii imeshaliwa kioo, hata sifungui." Labda ilikaa penye unyevu. Nimemwachia aitupe. Pole sana, Baba. Si kosa la mtu.

Wako,
Kitinda mimba

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Umeandika si kosa la mtu. Mimi nikaona ni la mtu. Lenzi imekaa kwenye kabati la chumbani kwetu miaka yote, na tangu mvua za mwaka jana mama yako amekuwa akianika nguo mbichi chumbani. Nilimkanya wakati ule, akasema, "Zikauke wapi, kichwani kwako?" Tukacheka. Safari hii sikucheka. Nilimwambia, "Miaka thelathini na minane nimekitunza kioo kile, wewe umekiua kwa mashuka."

Akaniangalia. "Kumbe miaka yote ulikuwa unatunza kioo," akasema, akachukua mkoba wake akaenda kwa dada yake. Leo siku ya tisa.

Wazee wa Jumamosi nawaambia nimestaafu. Wewe usijali. Kula vizuri.

Baba yako

19 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya, na sikuwa mgonjwa. Ningekuwa mgonjwa ningekuwa na la kusema.

Lenzi yako haina kuvu. Haijawahi kuwa na kuvu, hata unyuzi mmoja. Muda wote huu ilikuwa kwangu.

Siku lenzi ilipofika nilimpiga picha mama mmoja tunayekunja naye mashuka, karibu na dirisha, nikafuata jicho la karibu kama ulivyosema. Aliitazama picha, akasema, "Kumbe bado nipo." Mwenye studio mmoja aliiona, akaniita nifanye naye kazi. Mwezi ukaisha. Nikajiambia Baba amemaliza, mimi ndiyo naanza. Yule fundi hayupo, hata maneno yake nilimtungia mwenyewe. Sikufikiri kwamba kuvu lazima itafutiwe mtu wa kulaumiwa.

Baba, barua yako ya Mei niliisoma nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema siku ileile. Badala yake Jumamosi yake nilikwenda kupiga picha za harusi ya watu, kwa lenzi yako, wakanisifu. Baadaye nilitafuta kwa wauza mitumba hadi nikapata lenzi ya aina ileile, nikaifunga nikutumie ili yaishe. Karani wa posta akauliza, "Ndani mna nini?" Nikaivuta tena kutoka mezani, nikarudi nayo.

Sasa siwezi kumtazama mtu kupitia kile kioo bila kumsikia Mama akisema neno lile. Ya kwako nimemkabidhi yule jirani yako, amekuja tena huku. Tafadhali msomee Mama barua hii.

Mwanao

11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, mgongo ndio uleule. Lenzi imefika. Nimeiinua juani, safi kabisa.

Nilitaka kukukasirikia, nikakuta hasira yote niliimaliza kwa mtu asiyehusika. Uongo ni wako, sikupunguzii. Lakini maneno niliyomwambia mama yako hukunitungia wewe.

Nimekwenda kwa dada yake. Nikaonyeshwa kiti, hali sikuulizwa. Mama yako akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama. Nikamsomea barua yako yote, sikuruka neno. Nilipomaliza nikainua macho, nikidhani atakwenda kuchukua mkoba.

"Barua nzuri," akasema. "Imeandikwa kwako."

"Basi turudi nyumbani," nikamwambia.

"Nyinyi wawili mnaandikiana tangu mwezi wa pili," akasema. "Mmeandikiana juu yangu. Mimi sijaandikiwa na mtu."

Akaingia ndani. Hakubamiza mlango, aliufunga taratibu tu, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Kwa hiyo usinijibu mimi kwanza. Mwandikie yeye, na usinipitishie nisome. Mimi ya kwangu nimeianza tangu jana. Niliandika "Mke wangu", nikakata. Nikaandika jina lake, lile alilokuja nalo kabla hajawa mama wa mtu. Nimekwama hapo.

Baba yako