Vibao vya Dina

Jumapili, 11 Januari
Vibao tisa vimekauka. Herufi za Kiebrania. Nazikata kwa mbao, nazigundisha, chini yake nachora picha ya kitu kinachoanza na herufi hiyo kwa lugha hiyo. Miaka minne nafanya vya Kiarabu. Hii ndio mara ya kwanza kufanya hivi. Kaviagiza Bi Rahel, Myahudi wa Moroko anayekaa mtaa wa Qurum hapa mjini, amfundishe mjukuu wake Dina. Samaki katoka vizuri.

Jumatatu, 12 Januari
Mama kaviona. Kauliza lugha gani. Nikamwambia.
"Watoto wanazikwa Ghaza kila siku, na wewe unachora hivi?"
Nikasema huyu naye ni mtoto. Kaingia chumbani, kafunga mlango.

Jumatano, 14 Januari
Hasemi nami. Anapika, anafunika, anaondoka. Nna hasira naye. Nna haya pia. Nilishika simu niivunje kazi. Lakini wazazi wa Dina wako mbali, hana wa kumsomesha ila bibi yake, na macho ya bibi yanakwisha. Sikupiga. Nimelia bafuni.

Ijumaa, 16 Januari
Herufi zote ishirini na mbili, tayari. Sina furaha.

Jumamosi, 17 Januari
Asubuhi nimemkuta Mama mezani na miwani yake. Mbele yake karatasi ya herufi aliyonipa Bi Rahel, na vibao viwili kavitenga: cha samaki na cha komamanga. Mama alisomesha chuo cha Kurani Unguja miaka mingi.
"Hizi mbili umezifanya sawa," kasema. "Hii ina kona. Wewe umeizungusha."
Kweli. Dali yao, d ya Dina, ina kona, re yao haina. Msasa umeila. Jina la mtoto lingesomeka Rina.
Nikamuuliza kwa nini kaniambia.
"Mtoto hafundishwi herufi mbovu. Hata awe wa nani."
Nimekata upya. Yeye kanishikia karatasi. Hajanisamehe, naona. Lakini kashika mpaka nimemaliza.

Jumatatu, 19 Januari
Nimevipeleka. Dina kavimwaga vyote zuliani. Bi Rahel kapapasa kile cha samaki, kidole kikasimama kwenye kona. "Dalet," kasema. Mtoto akarudia.
Niliporudi Mama alikuwa mkekani anachambua mchele. Kauliza mtoto ana miaka mingapi.
Mitano, nikasema.
"Ndio umri wa kuanza."
Kanisogezea sinia. Tumechambua pamoja.