Kilo Arobaini za Mama Anwari

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nina miaka themanini na mbili. Njaa nimeipita, mabomu ya Mreno ng'ambo ya Ruvuma nimeyapita, rika langu lote nimelizika. Hakuna wa kunitisha Chilangala hii! Leo mzani wa zahanati umenitisha. Mke wangu Pili — kilo thelathini na sita. Daktari wa Newala alisema uvimbe wa tumbo hampasui mpaka afike arobaini, chini ya hapo hataamka. Na namlisha mimi mwenyewe! Uji wa karanga, mayai. Mzani mwongo huo.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu Gerson kapita. Nikamuuliza hiyo kilo ni kitu gani hasa, nani kaianza. Kasema Wafaransa, zamani. Walipima maji lita moja, uzito wake ndiyo kilo. Jina maana yake elfu — gramu elfu. Baadaye wakafua jiwe la madini, wakalifungia kabatini. Maji! Nimecheka. Sisi wa huku juu uzito wa maji tunaujua kwa shingo. Nitaukamata mzani ule.

Jumatatu, 10 Juni
Ndoo ya lita ishirini, toka bombani, kichwani mwangu. Nimepumzika mara mbili tu! Nesi Faidha: shikamoo babu, hapa tunapima watu. Marahaba, pima hii. Ishirini na moja! Nikapiga kelele, mwongo, unazidisha! Pili kwenye benchi akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba Anwari, kama unazidisha, basi mimi nina thelathini na tano."
Hiyo sikuifikiria.
Faidha akasema ile moja iliyozidi ni ndoo yenyewe. Mzani hauna kosa.

Jumatano, 12 Juni
Uji kautapika. Mayai hataki kuyaona.

Ijumaa, 14 Juni
Zahanati tena. Thelathini na nne. Faidha kasema babu, mrudi nyumbani tu, umtunze. Turudi wapi? Zimebaki kilo sita — lita sita za maji, basi! Nimemjazia kikombe. Faidha kageukia ukuta. Pili kanywa mafunda mawili kwa ajili yangu, kasema, "Mengine baadaye, mume wangu." Nimesema sasa. Kafumba macho. Kikombe bado nimekishika, mengine yananimwagikia miguuni. Asije mtu kusema sikumhangaikia. Faidha kaona. Mwalimu Gerson anajua. Na Pili mwenyewe atasema, akifumbua macho —