Kuachana na Fundi

Jumatatu, 5 Mei

Saa kumi na moja alfajiri, kaamka tena. Wiki ya tatu hii. Anadhani nimelala. Anakunywa maji glasi mbili, anapiga magoti, anasali, anavaa raba, anatoka kutembea. Anarudi na jasho na tabasamu. Jasho sina neno nalo. Tabasamu ndilo linalonisumbua.

Yote yameanza na ile semina ya Chang'ombe, ya tabia ndogo za kila siku na uhuru wa kifedha. Walikwenda walimu kumi wa shule yao. Tisa walirudi kama walivyokwenda. Mke wangu Stella karudi mtu mwingine. Chai hatii sukari. Simu haiji mezani. Na mimi kaniletea daftari hili, eti anayetaka kupiga hatua aandike kila siku, japo mistari mitatu. Sawa, naandika. Lakini naandika ninachokiona.

Leo kaondoka na mfuko wa vitenge vya walimu wenzake, kama kawaida yake, akawapelekee kushonewa. Hata mfuko nimeuchungulia. Vitenge tu.

Jumanne, 6 Mei

Kibubu. Nilimtengenezea mwenyewe, kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Hakina mfuniko, kina tundu tu juu. Ukitaka kilichomo, unakivunja.

Kila jioni anatumbukiza kitu. Nimetega sikio. Sarafu hulia. Hiki hakilii kabisa. Nikamuuliza anaweka nini humo. Kasema, "Akiba." Kisha akacheka peke yake.

Sipendi mtu acheke peke yake ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikuwa natafuta soksi kabatini. Uongo. Nilikuwa napekua.

Kabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, upande wake. Mwandiko wa ubaoni, safi. Kuamka saa kumi na moja. Kutokopa dukani kwa Mangi. Kusoma kurasa kumi kwa siku. Kushukuru kila siku. Na ya mwisho, kapigia mstari kwa kalamu nyekundu: Mwezi wa nane, kuachana na fundi.

Nimesoma mara nne.

Fundi ni mimi. Elia naitwa kanisani, hospitali na kazini. Nyumbani naitwa Fundi, tangu wakati wa uchumba, nilipompelekea kigoda badala ya maua. Hata alipozaliwa Neema sikugeuka Baba Neema. "Fundi, chai." "Fundi, bati linavuja." Miaka kumi na tisa.

Mwezi wa nane. Kanipangia na mwezi.

Ijumaa, 9 Mei

Karakanani kwangu, Keko. Nimekata mguu wa meza mfupi kwa inchi nzima. Nikaukata na wa pili, nikidhani huo ndio uliozidi. Mbao nzuri zimekwenda bure.

Shomari wa karakana ya jirani kaniona sina raha. Nikamdokeza kidogo, juu juu. Kaweka randa chini. "Kaka Elia, mie nakwambia ukweli. Mwanamke akianza kuamka alfajiri na hana mtoto mchanga, kuna ishu."

Shomari kaachwa mara mbili. Labda anajua. Labda ndiyo maana kaachwa.

Jumamosi, 10 Mei

Kila Jumamosi huwa anakwenda Tegeta, kwa mama mmoja anaitwa dada Joyce. Nilikuwa sijawahi kujiuliza anafuata nini. Leo nimejiuliza. Nimemfuata.

Kutoka kwetu mpaka Tegeta ni safari ya kumfuata mke kweli. Foleni, jua, kisha mvua. Kaingia nyumba mpya yenye geti la bluu. Mlangoni kuna viatu. Vya Stella, ndala za kike, na moka za kiume, nyeusi, zimepigwa kiwi. Namba arobaini na tatu au nne. Mimi navaa arobaini na moja.

Nimekaa kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara saa mbili nzima. Mlinzi wa nyumba ya pili kaja kuniuliza natafuta nini. Nikasema mimi ni seremala, natazama mlango. Hapo sikudanganya. Fremu ile imepinda.

Sikugonga. Niliogopa kufunguliwa. Nimerudi nyumbani kabla yake, nikajifanya nimeshinda nimelala.

Karudi anaimba. Kataka kuniambia kitu. Nikageukia ukutani.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Kaimba sauti ya pili vizuri kuliko siku zote. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa naangalia viatu vya wanaume.

Jumanne, 13 Mei

Nimenuna. Najua nimenuna, na siwezi kuacha. Kaniuliza mara mbili nina nini. Nimesema sina kitu. Kaniwekea samaki kipande kikubwa. Nikafikiri, ndiyo hivyo, mtu hulishwa vizuri akikaribia kuagwa.

Kibubu bado kinakula kila jioni. Kama kweli mle mna akiba, basi ni nauli yake ya kuondokea.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekivunja.

Saa nne asubuhi, yuko shuleni. Nilipanga kukifungua kwa patasi kwenye ungio la nyuma, nione, nikirudishe kwa gundi. Kazi ya nusu saa. Lakini niliunga vizuri mno. Mbao ikapasuka katikati, mpaka kwenye tundu.

Hakuna hata senti. Karatasi. Vipande vidogo, vimekunjwa mara mbili. Nikakaa chini sakafuni, nikaanza kusoma.

"Fundi kanichemshia maji ya kuoga bila kuombwa."

"Mvua kubwa. Fundi kapanda juu ya bati na homa yake."

"Leo Fundi kacheka mpaka kakohoa."

"Neema kapiga simu kutoka bweni. Hajambo."

"Dada Joyce kanisifu. Mume wake kaja na viatu vyake vya kazini, kavivulia mlangoni, katukuta na vitambaa sebule nzima. Hakukasirika."

"Nimekata mkono wa gauni peke yangu, sikuharibu. Nilitaka kumwambia Fundi. Kanuna."

"Fundi Side kachelewesha tena magauni ya walimu. Namshukuru Mungu, ifikapo mwezi wa nane nitakuwa nashona mwenyewe, naachana naye."

"Leo sijaona la kushukuru. Fundi hasemi na mimi. Nashukuru kwa chai."

Hiki cha mwisho ni cha juzi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Walimu waliachiwa mapema. Sikusikia geti. Nimeinua macho, kasimama mlangoni na mfuko wake wa vitenge.

"Umesoma vyote?"

"Karibu vyote."

Akainama, akaokota ambavyo sikuvisoma, akatia kwenye mkoba. Nikamwambia juu ya kabati, juu ya kalamu nyekundu, juu ya Tegeta. Nilitapika yote. Akanisikiliza amesimama.

"Cherehani nilikwambia," akasema. "Siku ya mpira. Nikakwambia nataka nijifunze kukata na kushona, Jumamosi, Tegeta, halafu niachane na fundi. Ukasema sawa, sawa, pisha kwenye tivii."

Nimejaribu kukumbuka. Mpira naukumbuka. Mpaka mfungaji namkumbuka.

"Ningekuwa nakuacha wewe," akasema, "ningeandika Elia."

Kaenda kulala chumba cha Neema.

Ijumaa, 16 Mei

"Elia, funguo ziko mezani." Ndilo neno pekee tangu asubuhi.

Sikujua jina langu linaweza kuuma.

Jumapili, 18 Mei

Tumekwenda kanisani, mtu na upande wake wa barabara. Aibu nimeibeba vizuri, nadhani hakuna aliyeiona. Shomari kapiga simu kuuliza habari za ile ishu. Nikamwambia ishu ni mimi. Kacheka, kadhani natania.

Jioni Stella kasimama mbele yangu. Nikajiandaa kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa.

"Nitengenezee kingine," akasema. "Safari hii weka kufuli."

Alhamisi, 22 Mei

Mninga tena, sikutumia vipande. Nimenunua mbao nzima. Mfuniko na bawaba, kasha zuri, limepigwa msasa mpaka linateleza. Kwenye kila ungio nilikuwa nafikiri, hii kazi namfanyia mtu ajifiche nisimwone.

Kufuli nimenunua jipya, lina funguo mbili. Nilifika mpaka njia ya nyumbani na moja mfukoni na nyingine mkononi. Nikarudi nikakaa kwenye benchi la karakana. Nilipofika nyumbani nilimpa zote mbili.

Kazihesabu. Karudi kulala chumbani kwetu, lakini ukingoni.

Jumamosi, 24 Mei

Kaenda Tegeta. Nimemsindikiza mpaka kituoni, nikageuka. Nimemwambia amwambie dada Joyce fremu ya mlango wake imepinda, nitairekebisha bure. Kaniangalia muda mrefu.

Jumatatu, 26 Mei

Saa kumi na moja. Kaamka. Leo na mimi nimeamka. Sikwenda kutembea, sijafika huko. Nimekaa tu kitandani na daftari.

Jana jioni kaandika kipande, kakunja mara mbili, kafungua kufuli, katia, kafunga. Alinipa mgongo alipokuwa anaandika. Aliandika mstari mmoja, na mkono ulisimama kidogo katikati. Kasha liko juu ya kabati. Bawaba nimezifunga mimi, skrubu nne kila moja, na bisibisi ninayo kwenye mfuko wa vifaa. Dakika mbili tu, kazi ingekuwa imekwisha.

Nimelitazama tu. Nataka kujua, sitaficha. Nataka kujua mpaka vidole vinaniwasha.

Karudi sasa hivi na jasho lake. Nasikia vikombe.

"Fundi, chai."

Haina sukari. Naenda kunywa.