Mwizi wa Kuku Aliyevaa Magwanda

Jumatatu, 6 Mei

Baridi imeanza kung'ata. Nimefika ukutani saa mbili, nimefunua mashine, nimeitia mafuta. Zipu tatu, pindo mbili, na gauni la kanisa ambalo mwenyewe amenenepa lakini anadai sabuni ndiyo iliyolipunguza. Sikubishana. Nimeachia mshono.

Mama Lwazi ametoka getini na ufagio. Hafagii njia, ananifagia mimi kwa macho. Ukuta ni wake. Marehemu mumewe ndiye aliyeniambia niweke meza hapa, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko kimezikwa naye, na mjane ameingia kamati ya mtaa.

Leo amebandika tangazo la kamati, juu ya kichwa changu kabisa. Wageni wote wanaofanya kazi kando ya njia hapa Bertrams, Johannesburg, waondoke kabla Juni haijaisha.

"Unajua kusoma, Papa Kasereka?"

"Najua nusu, Mama. Hiyo nusu ya kuondoka hatukuifikia darasani."

Hakucheka. Mimi nimecheka kwa niaba yake. Wateja wangu wananijua kwa ukuta, si kwa jina. Ukuta ukienda, fundi hayupo.

Alhamisi, 9 Mei

Mtoto wake amekuja. Lwazi, askari, shingo kama gogo. Anapelekwa kwetu Kongo, milima ya Masisi, huko huko kilikozikwa kitovu changu. Suruali mbili za magwanda zinampwaya kiunoni. Amezibwaga juu ya mashine bila salamu. "Fanya haraka, kwerekwere." Ndilo jina letu hapa sisi wageni weusi. Ukiitwa hivyo hujakaribishwa chai.

Sipendi askari. Nimeona magwanda ya rangi saba yakipita kijijini kwetu, na kila rangi ilikula mbuzi. Huyu ni wa nane.

Fundi aliyenifundisha kushona huko Goma alikuwa na sheria moja. Kila suruali ishonewe kitambaa kidogo ndani ya ukanda: jina la mwenyewe, vipimo vyake, ili asipimwe mara mbili. Nimefuata sheria. Nimeandika kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika: "Lwazi. Kiuno 34. Akili 0. Mwizi wa kuku anakuja kwenu, fungeni mabanda."

Nimecheka peke yangu hadi nikajichoma sindano.

Jumanne, 21 Mei

Mimi ni mpumbavu. Kitambaa kile huwa kinaishia na namba ya simu ya fundi. Mkono uliozoea haukuniuliza. Nimemtukana mtu nikampa na anwani.

Leo Lwazi ameniandikia kutoka Kongo, herufi kubwa tupu. Nimesomewa na kinyozi Nduwimana, Mrundi anayenyoa watu pembeni yangu, maana Kizulu nazungumza, lakini Kiingereza changu ni cha kusalimia na kuomba radhi. Kumbe kambini kuna mama anayewafulia nguo, Mama Sifa. Ukanda umepinduka kwenye beseni, akasoma kwa sauti, na wanawake wote wa bombani wakaangua kicheko. Sasa watoto wa pale wanamwita Kuku. Anasema akirudi atanivunja vidole.

Nimemjibu kwa Kiswahili: "Vidole vipi, vya kushonea au vya kuandikia? Fafanua." Kwa hiyo itabidi ampelekee Mama Sifa amsomee, yule yule aliyemcheka. Nimelala mchana usingizi mzuri.

Jumapili, 26 Mei

Matusi sasa ni ya kila siku. Yeye asubuhi, mimi baada ya chakula. Amesema nina sura ya kiatu kilichonyeshewa. Si baya. Nimemwambia bunduki yake ina akili kumshinda, yenyewe angalau inajua inakoelekezwa.

Leo ameuliza jambo jingine. Vijana wameziba barabara kwa mawe na kulipigia kelele gari lao, neno moja, tena na tena. Mama Sifa amekataa kumwambia maana yake. Mimi sikukataa, Nduwimana ameniandikia kwa Kiingereza. "Wanasema wageni rudini kwenu. Wewe ndiye kwerekwere huko, mwanangu. Karibu chamani."

Nimeitia simu mfukoni. Ajifunze.

Jumamosi, 1 Juni

Siku sita, ndiyo amejibu. Hakuna tusi. Mstari mmoja: "Wewe unavumiliaje?"

Nimekasirika. Nani alimtuma kuuliza swali zuri? Nilikuwa na matusi mawili nimeyatengeneza, yameoza mfukoni.

Sikumjibu hadi saa kumi. Kisha nimeandika: salimia wazee kwanza. Vua kofia. Usimuulize mtu jina kabla hujamuuliza habari ya shamba lake. Ukipewa kitu cha kula, kula hapo hapo, usifungashe. Na kaa mbali na kuku.

Sikumwambia kwamba mimi hapa sivumilii. Natania tu, ni kitu kingine.

Ijumaa, 7 Juni

Imefanya kazi. Bibi mmoja amempa viazi vya kuchoma na kumwita mjukuu. Amenitumia picha, kijana ameshika kiazi kama medali. Nyuma yake kuna mlima wenye nundu mbili. Naujua. Nilichunga mbuzi pale, wale wale walioliwa. Nimeshika simu muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi.

Nimemwandikia kwamba mlima umekonda, bila shaka umelishwa na jeshi. Amecheka. Ananiita mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu chao. Nimemkataza. Hakusikia, askari hasikii.

Mama Lwazi amemwaga maji ya vyombo karibu kabisa na miguu yangu.

"Zimebaki wiki tatu, Papa."

"Tunahesabu wote, Mama."

Hajui kitu. Nimemuuliza Lwazi kwa nini hajamwambia kwamba tunaandikiana. Amejibu: "Atapasuka." Ameongeza kwamba atamwambia mwenyewe, uso kwa uso, akirudi.

Jumatano, 12 Juni

Nduwimana anahama. Amepata nafasi chini ya ngazi za jengo moja mtaa wa Troyeville. Giza tupu, lakini hakuna kamati. Anasema nafasi ya mashine ipo.

"Mzee, kwa nini uhame? Mwambie huyo askari aseme na mama yake. Neno moja tu."

"Simwambii."

"Kiburi."

Ni kiburi, lakini si kiburi tu. Nikimwomba leo, kila tusi nililomwandikia litageuka kuwa njia ya kuombea. Na mtu pekee katika mji huu anayenitukana vizuri ni yeye. Sitamwomba. Kwa Nduwimana nimesema nitafikiri.

Jumanne, 25 Juni

Siku tatu hakuna ujumbe. Redio inasema mapigano yameshuka hadi kwenye kambi, wanajeshi wa huku wamepigwa. Majina hawatoi.

Ua wa Mama Lwazi umejaa wanawake wa kanisa lake. Wanaimba tangu asubuhi. Yeye haimbi. Nimemwona kupitia nafasi ya geti, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. Jeshi halipokei simu zake.

Leo nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Haijanitokea tangu nikiwa mwanafunzi.

Nimeandika: "Kuku, jibu." Tiki moja, haujafika.

Jumatano, 26 Juni

Saa tatu asubuhi simu imelia. Namba ya Kongo, siijui. Ni Mama Sifa.

"Papa, huyu mtoto wenu ni mzima. Chuma kimemuingia mguuni. Simu yake imeungua na mzigo wote. Amechukuliwa na helikopta. Namba ya mama yake hakuikumbuka kwa maumivu, yako mimi ninayo, ile ya kwenye ukanda. Amesema mkhulu amwambie mama."

Amekata, akaniandikia hayo hayo, na nimekaa na habari hiyo saa mbili. Niandike ukweli, hakuna anayesoma daftari hili. Niliuwaza ukuta. Habari yangu kwa ukuta wako, Mama, tufunge biashara. Nililimung'unya wazo hilo kama pipi. Lilikuwa tamu kweli. Zimebaki siku nne, na habari ninayo mimi peke yangu katika Johannesburg nzima.

Halafu Mama Lwazi amekohoa upande wa pili wa ukuta. Kikohozi kidogo cha mtu ambaye hajalala. Nimebisha geti.

Amenisikiliza hadi mwisho. Hakuniamini. Nimempa simu aone. Ujumbe wa Mama Sifa ni Kiswahili kitupu, haelewi hata neno. Nikamfungulia ule mlolongo wa ujumbe wa Lwazi, namba ya mwanawe aitambue. Akaitambua. Akasoma cha kwanza kabisa, kile cha kuvunjwa vidole.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Tunataniana, Mama."

"Mwanangu yuko vitani, wewe unamtania. Leo unaniletea simu ya mtu nisiyemjua. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu. Asiyetaja anachotaka ndiye tapeli."

Amefunga geti. Nimerudi kwenye mashine. Nyimbo zimeendelea.

Alhamisi, 27 Juni

Hawakungoja mwisho wa mwezi. Wanaume watatu wa kamati na mwenyekiti wao mwenye kofia ya ngozi. Kosa langu: nimechezea uchungu wa mama. Meza imevunjwa miguu. Mashine imetupwa barabarani, ikabingirika hadi karibu na robot, zile taa za kuongozea magari. Taa ilikuwa nyekundu, ndiyo bahati yake. Mkanda umekatika, gurudumu limepinda.

Hawakunipiga. Nilimuuliza mwenye kofia kama nimshonee kifungo kilichomkimbia tumboni. Hakupenda. Wateja wangu wawili walipita upande wa pili wa barabara, wanatazama viatu vyao.

Mama Lwazi alisimama getini muda wote. Hakusema wafanye, hakusema waache. Namchukia. Nimejaribu kutafuta neno laini, sikulipata.

Nduwimana alikuja na toroli.

Jumapili, 30 Juni

Troyeville, chini ya ngazi. Watu wanashuka juu ya kichwa changu. Harufu ya mafuta ya nywele na mkojo wa paka. Gurudumu nimelinyoosha kwa nyundo, mkanda nimeunga kwa uzi wa viatu.

Baada ya ibada zao, Mama Lwazi amekuja kwa miguu, na kofia ya kanisa. Nduwimana akainuka kumpa kiti. Hakukaa.

"Jeshi wamenipigia Ijumaa. Ni mguu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Watu watatu wakashuka ngazini. Nilingoja. Sikuwa na haja ya kumsaidia kusema.

"Ukutani wameshamweka mtu," amesema. "Binamu wa mwenyekiti. Anakaanga magwinya." Hayo ni maandazi yao. "Siwezi kumtoa."

"Hujaulizwa, Mama."

Amelimeza. Kisha akauliza kile ambacho nadhani ndicho kilichomleta. "Anakuandikia nini? Mimi ananiandikia kwamba amekula, amelala. Basi."

Ningeweza kumwambia mengi. Bibi na kiazi. Mlima. Lile swali lake la mstari mmoja. Nimesema, "Habari za kuku."

Amenitazama kama mtu aliyetemewa mate, akaondoka. Na mimi sikuwa nimesema uongo. Lakini nilijua ataelewa vipi, na nikasema hivyo hivyo.

Hakuomba radhi. Sijamsamehe. Naiandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 13 Julai

Kazi kidogo. Suruali ya mlinzi mmoja, mapazia ya saluni. Wateja wa Bertrams hawajanifuata, isipokuwa yule mama wa gauni la kanisa. Amenenepa tena.

Saa sita Lwazi ameandika, namba mpya, kutoka hospitali ya jeshi, ameshaletwa huku kwao. Mguu hawataukata, lakini hautapinda vizuri. Sehemu ya mwisho ameiandika kwa Kiswahili mwenyewe, bila Mama Sifa. Kibovu kuliko changu, na changu ni cha darasa la nne.

"Mkhulu, jua ya ukuta iko? Mimi natoka mwezi ya nane, nakuja kukaa na wewe pale. Wewe shona, mimi tukana."

Nimesoma mara mbili. Ameandika pia kwamba mama yake huwa naye Jumapili, anampelekea chakula, wanazungumza siku nzima. Na kijana hajui. Hajui meza, hajui wanaume watatu, hajui nani alisimama getini.

Nilianza kuandika. Nilikuwa na maneno yote tayari, makali, nimeyanoa wiki mbili. Yeye kitandani, mguu juu ya mito, angesoma. Jumapili mama angeingia na bakuli lake.

Nimeyafuta. Nimemjibu: "Jua lipo, Kuku. Ila ni majira ya baridi, halikai sana."

Amejibu "Sharp", yaani sawa, na picha ya mguu wake. Mbaya sana. Nimemwambia nimeona mihogo iliyonyooka zaidi.

Mwezi wa nane bado. Lazima mmoja wetu, mimi au mama yake, amwambie kabla hajafika pale na magongo akakuta mtu wa magwinya. Hatujazungumza tangu ile Jumapili, na hatukupatana. Kumbe kila mmoja ameficha kwa upande wake.

Nduwimana amekwenda kula. Nimeivuta mashine karibu na mlango. Mwanga unafika hadi saa tisa.